Mandhari ya filamu nayo ni bidhaa, ipewe njia mpakani

Anayevuka Busia, Malaba au Mutukula huulizwa swali moja kabla ya mengine yote: umebeba nini? Mahindi, maharage, vitenge, sabuni, samaki wakavu, vipuri vya pikipiki. Kila kitu kina jina lake kwenye fomu. Kwa mzigo uliozalishwa ndani ya Jumuiya na usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, Utaratibu Rahisi wa Biashara unampa mfanyabiashara mdogo cheti cha uasilia palepale mpakani. Utaratibu huo una kasoro zake, na wasomaji wa gazeti hili wanazijua kuliko mimi, lakini angalau upo.

Sasa mfikirie kijana wa Kampala aliyebeba begi lenye kompyuta, na ndani ya kompyuta hiyo mna mji mzima: minara, bahari, mawingu ya masika, jahazi likiingia bandarini. Ameuchora mwenyewe ili uwekwe nyuma ya waigizaji katika filamu inayotengenezwa Nairobi au Dar es Salaam. Akiulizwa amebeba nini, atajibu nini? Fomu haina mstari wa mji. Atasema "kompyuta", na pengine atatakiwa kutoa risiti ya mashine aliyoinunua miaka mitatu iliyopita.

Ninachosema leo ni hiki. Kuchora mandhari ya filamu ni biashara kama biashara nyingine. Mikono ya kuifanya Kampala inayo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiendelea kuiona kazi hii kama mchezo wa vijana, ujuzi huohuo utaendelea kutafuta wateja mahali pengine, na baadhi ya wateja hao ndio wanaowatia hasara wafanyabiashara wa mpakani. Kabla ya kufika huko, tuielewe kazi yenyewe.

Ndugu wa pazia la Likoni

Wengi wetu tumekutana na ndugu wa kazi hii bila kujua. Miaka ya 1990, ukifika kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, ulikuta vibanda vya wapiga picha karibu na feri. Ndani ya kibanda palikuwa na pazia lililochorwa: meli, ndege, jumba la kifahari, hata Makka. Kibarua aliyetoka bara alisimama mbele ya pazia, akapigwa picha, akaituma nyumbani. Hakuna aliyetapeliwa. Mama aliyeipokea alijua kwamba mwanawe hana ndege. Alichopokea ni salamu kwamba mtoto yuko mjini, ni mzima, na anaota makubwa.

Mchoro wa filamu hufanya kazi hiyohiyo, ila una sharti gumu zaidi: mtazamaji asijue kabisa kwamba kuna mchoro. Tuseme mwongozaji anataka kuonyesha msafara ukiingia Kilwa Kisiwani siku zile jumba la Husuni Kubwa likiwa bado limesimama. Jumba hilo la karne ya 14 leo ni magofu. Kulijenga upya kwa ajili ya dakika moja ya filamu ni gharama isiyolipika, na hata serikali isingeruhusu. Njia iliyobaki ni kuwapiga picha waigizaji kumi pwani na ngamia wawili, kisha fundi akachora sehemu ya juu ya picha: kuta, kuba, bendera na mashua nanga zikiwa majini. Vipande viwili vikiunganishwa vizuri, mtazamaji ataona Kilwa nzima.

Watu wa filamu huuita mchoro wa mati. Mati ni kizibo, kile kinachoziba sehemu ya picha isiingie mwanga ili nafasi hiyo ijazwe baadaye na kitu kingine. Ukishaelewa kizibo, umeielewa kazi yote.

Mwaka 1907 Mmarekani Norman Dawn alikuwa akipiga filamu ya misheni kongwe za California akakuta majengo yamebomoka. Alisimamisha kioo mbele ya kamera, akachora juu yake mapaa na nguzo zilizokosekana, kisha akapiga picha kupitia kioo hicho. Kwa jicho la kamera, mchoro wa karibu na ukuta wa mbali vilikuwa kitu kimoja. Tatizo lilikuwa jua. Mchoro ulitakiwa kukamilika palepale, na kivuli cha kwenye kioo kilitakiwa kulala upande uleule wa kivuli cha ukuta wa kweli.

Ndipo likaja wazo la kuziba. Sehemu ya picha ilizibwa kwa rangi nyeusi, waigizaji wakapigwa picha kwenye sehemu iliyobaki, na mkanda ukawekwa bila kusafishwa. Fundi alikwenda nao studio, akachora kwa utulivu ile sehemu iliyozibwa, akaziba upande wa waigizaji, na mkanda ukapitishwa kwenye kamera mara ya pili. Kosa dogo hapo lilimaanisha kazi ya siku nzima ya waigizaji imekwenda na maji. Mafundi hawa hawakuchora kila tofali. Ukiisogelea michoro mingi ya mabingwa wao utaona mapigo ya brashi tu. Walijua kwamba jicho husadiki mwanga kwanza, halafu mistari.

Himalaya bila kupanda mlima

Mwaka 1947 ilitoka filamu ya Kiingereza iitwayo Black Narcissus, kuhusu masista waliokaa kwenye jumba juu ya milima ya Himalaya. Kikundi hicho hakikukanyaga India. Kazi ilifanywa Uingereza, sehemu kubwa katika studio za Pinewood, na vilele na mabonde yanayomtisha mtazamaji yalichorwa chini ya bingwa wa michoro hiyo, Percy Day. Mpiga picha mkuu, Jack Cardiff, alipata tuzo ya Oscar kwa filamu hiyo.

Miaka michache baadaye Cardiff huyohuyo alikuja kwetu. Alikuwa nyuma ya kamera ya The African Queen, filamu ya mwaka 1951 iliyopigwa Uganda na Kongo. Safari hii mto ulikuwa mto wa kweli, na maradhi pia yalikuwa ya kweli. Wengi katika kikundi waliugua. Hata hivyo, sehemu ambazo waigizaji wakuu wanaingia majini zilipigwa kwenye studio Uingereza, kwa kuwa maji ya huku yalihofiwa. Hata filamu iliyofunga safari hadi Uganda ilinunua kipande hapa na kipande kule, kisha ikaviunganisha. Mwenye duka anaijua hesabu hiyo: unanunua kila kitu pale kinapopatikana kwa bei nafuu na kwa usalama.

Mfano wa tatu utawafurahisha wenye maghala. Mwishoni mwa Raiders of the Lost Ark, filamu ya mwaka 1981, mzee mmoja anasukuma sanduku katika ghala ambalo mwisho wake hauonekani, masanduku juu ya masanduku. Karibu ghala lote ni mchoro wa mkono wa Michael Pangrazio. Kilichokuwepo kweli ni yule mzee, mkokoteni wake na kipande cha njia. Mamilioni waliitazama filamu hiyo wasijue kwamba shehena hiyo haikuwahi kupakuliwa popote.

Kioo kikageuka kompyuta

Mwaka 1990 programu ya Photoshop iliingia sokoni. Waliobuni ni ndugu wawili, Thomas na John Knoll, na John alikuwa mfanyakazi wa Industrial Light & Magic, kampuni ya ujanja wa filamu iliyoanzishwa na George Lucas mwaka 1975. Kwa hiyo programu ambayo leo inatumika kutengeneza kadi za harusi na mabango ya uchaguzi kila mji wa Afrika Mashariki ilizaliwa jirani kabisa na kazi hii ya mandhari.

Siku hizi fundi huanza na picha halisi: anga ya hapa, kilima cha pale, paa la kwingine. Huvikata, akavipatanisha rangi na mwanga, akachora juu yake panapopungua, kisha akavitandaza juu ya maumbo ya kompyuta ili kamera iweze kusogea bila mji kuonekana kama karatasi. Mwigizaji husimama mbele ya kitambaa cha kijani, rangi iliyo mbali na ngozi ya binadamu. Kompyuta huondoa kijani na kuweka mji. Kizibo ni kilekile cha zamani, mkono tu umebadilika. Tena zipo programu za bure kama Blender, kwa hiyo mtaji wa kuanzia umeshuka: mashine yenye nguvu, umeme, intaneti na macho yaliyofundishwa.

Macho hayo tunayo. Mtaa wa Wakaliga hapa Kampala, Isaac Nabwana alianzisha Ramon Film Productions mwaka 2005, na ulimwengu ukaijua kwa jina la Wakaliwood. Filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, ilitengenezwa kwa fedha zinazotajwa kuwa chini ya dola 200, kwa kompyuta zilizoungwa kwa vipuri vikuukuu. Ndani yake helikopta inaishambulia Kampala kwa mabomu. Helikopta haikuwepo. Mtu anaweza kucheka kwamba moto ule unaonekana ni wa kompyuta, lakini watu wa mabara mengine waliitazama, na mwaka 2019 filamu nyingine ya Wakaliwood, Crazy World, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto, Kanada. Mzigo huo ulifika Toronto bila kontena.

Malighafi ya Bwindi

Sasa tuangalie upande wa pili wa mizani. Filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 katika majumba ya sinema duniani. Waigizaji walifanya kazi zaidi Atlanta, Marekani, lakini kikundi cha kamera za angani kilikuja kupiga misitu ya Bwindi na milima ya Rwenzori. Picha hizo zilipelekwa katika studio za ng'ambo, na huko mafundi wakaupandikiza mji wa Wakanda juu ya milima yetu.

Sina ugomvi na waliofanya hivyo. Walikuja, wakapiga picha, wakaondoka, na Waganda tulijivuna kuiona nchi yetu. Ila mfanyabiashara yeyote wa kahawa anaujua mtindo huu. Sehemu kubwa ya kahawa yetu huondoka ikiwa mbichi, inakaangwa kwingine, kisha tunaiona dukani kwenye kopo zuri kwa bei isiyotambulika. Bwindi nayo iliondoka mbichi. Thamani iliongezwa na watu waliokaa kwenye viti mbele ya kompyuta, kazi ambayo haihitaji bandari, reli wala mgodi.

Nasser Road inatuhusu sote

Kama unataka kuona wingi wa ujuzi tulionao, usiende kwenye jumba la sinema. Nenda Nasser Road. Mtaa huu wa wachapaji wa Kampala umetoa kwa miaka mingi yale mabango ya rangi kali yanayobandikwa saluni na kwenye vibanda: marais wamesimama mbele ya majengo ya nchi ambazo hawakuwemo siku hiyo, makamanda wamezungukwa na ndege za kivita, wachezaji wa mpira na wanasiasa wamekutanishwa ambapo hawajawahi kukutana. Kukata mtu, kumwekea anga mpya na kusawazisha kivuli ni hatua za mwanzo za mchoro wa mati. Wafanyabiashara wengi wanaosoma hapa wamewahi kuchapisha lebo zao, mifuko yao au kalenda zao mtaani hapo, kwa kazi halali na bei nzuri.

Lakini Nasser Road ina jina la pili, na kila Mganda analijua: vyeti vya kughushi. Mihuri, stakabadhi, leseni, hati za shule. Walio wengi pale ni wachapaji wanaohangaikia mkate wao kwa haki. Hata hivyo, polisi wamewahi kuvamia mtaa huo zaidi ya mara moja, na sifa hiyo haikutoka hewani. Hapa ndipo mchoro wa filamu unapogusa mfuko wa mtu wa mpakani. Hati moja ya kughushi ikikamatwa, afisa hamshuku mwenye nayo peke yake. Anashuku foleni nzima. Cheti chako halali kinageuzwa mbele na nyuma, lori linalala, nyanya zinaoza.

Ujuzi wa kuchora muhuri usioonekana kuwa bandia na ujuzi wa kuchora mji usioonekana kuwa bandia ni wa tumbo moja. Tofauti ni mteja. Filamu humlipa fundi ili amburudishe mtu aliyenunua tiketi akijua anakwenda kuona hadithi. Mghushi humlipa ili amdanganye mtu asiyejua. Polisi wanaweza kufunga duka moja, lakini hawawezi kuufunga ujuzi. Ujuzi huvutwa na soko bora, na soko bora halitakuja lenyewe.

Wapo watakaosema akili mnemba imeshaimaliza kazi hii, kwa kuwa sasa mtu huandika sentensi na kompyuta inamletea mji. Ni kweli inaleta mji, lakini mwambie akuletee Mji Mkongwe wa Zanzibar alfajiri au Kikuubo saa nne asubuhi, uone kama mtu wa Zanzibar au wa Kampala hatacheka. Mashine hizo zinajua kwa wingi picha za kwao, na zetu wanazijua kwa uchache. Anayejua mlango wa Kiswahili unachongwaje, na vumbi la kiangazi cha Karamoja lina rangi gani, ndiye atakayeisahihisha. Mwenye ujuzi wa mkono ataitumia mashine kama brashi. Asiye nao ataletewa Afrika Mashariki iliyobuniwa na wengine, kama ilivyokuwa enzi za vioo.

Nini kifanyike

La kwanza liko mezani tayari. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na inazungumzia huduma na watu kuvuka, pamoja na bidhaa. Nchi wanachama wazitaje kazi za filamu, ikiwemo michoro ya mandhari, kwa jina, ili ankara ya fundi wa Kampala itambulike na mlipaji wa Kigali au Arusha bila kumtafutia jina la uongo.

La pili ni vifaa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu kuingiza vitu kwa muda na kuvirudisha. Utaratibu huo uandikwe kwa Kiswahili rahisi, ubandikwe ukutani kwenye kila kituo cha pamoja cha mpakani, na mwenye kamera mbili na kompyuta moja asilazimike kutafuta wakala kama mtu anayevusha matrekta.

La tatu ni vibali. Kenya ina bodi yake ya filamu, Tanzania ina yake, Uganda nayo ina taratibu zake. Filamu iliyokaguliwa katika nchi moja inaanza upya katika nyingine. Tumeweza kuunganisha madawati ya forodha chini ya paa moja Malaba. Bodi hizi zinaweza angalau kupokea fomu moja.

La nne ni letu wenyewe, tena halisubiri mkutano wa wakuu wa nchi. Mwenye unga, sabuni, maji ya chupa au kampuni ya mabasi anahitaji tangazo, na tangazo linahitaji mandhari. Badala ya kunakili picha ya intaneti yenye mlima wa Ulaya nyuma ya gunia la mchele wa Mbeya, mwajiri fundi. Mpatane kwa maandishi. Uliza picha alizotumia amezipata kwa haki gani, kwa kuwa tangazo lenye picha ya wizi linaweza kukuletea kesi katika nchi nyingine. Kubalianeni nani atamiliki mchoro na utatumika nchi zipi. Mwombe faili lenye matabaka yote, ili kesho bidhaa ikibadilika, mandhari ibaki. Kisha weka nakala mbili mahali tofauti. Nakala asili ya Who Killed Captain Alex? haipo tena, kompyuta ilifutwa ili kupata nafasi ya filamu iliyofuata, kwa kuwa hapakuwa na fedha za kununua hifadhi nyingine. Mali ambayo watu wa mabara mengine wanaitafuta ilipotea kwa kukosa sehemu ya kuiweka. Mwenye ghala hahitaji kuelezwa uchungu huo.

Jumuiya ina nchi nane sasa, kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki, na lugha moja ambayo baraza la mawaziri la Uganda liliikubali mwaka 2022 kuwa lugha rasmi. Hilo ni soko la filamu na matangazo ambalo halihitaji mkalimani kila baada ya kilomita mia. Watengenezaji watahitaji miji, bahari na majumba ya nyuma ya waigizaji, na watavinunua kwa yeyote atakayevileta kwa wakati. Vijana wa Wakaliga na Nasser Road wanaweza kuvileta. Wanachohitaji kutoka kwa maofisa wetu ni mstari mmoja kwenye fomu, na kutoka kwa wafanyabiashara wetu, oda ya kwanza.